Mpango wa Baada ya Sindano

Mimi ni afisa mifugo katika Mkoa wa Mbeya, na katika miaka ya mwanzo ya kazi nilikuwa mtu wa kutembea. Nilizunguka zizi hadi zizi kwenye vilima vya Rungwe, nikichanja, nikifanya uhimilishaji wa ng'ombe wa maziwa, nikishuka mabondeni na kupanda tena hadi jua linazama. Nilipopandishwa cheo na kukalia kiti cha ofisi, miguu ilipumzika, lakini sahani ilibaki ya mtu anayeshinda akitembea. Miaka ilivyosonga nikafikia kilo 98 kwa urefu wa sentimita 160, yaani BMI (kipimo cha uzito ukilinganishwa na urefu) ya 38, nikiwa na kisukari cha aina ya pili, presha, na magoti yaliyouma kila nilipopanda ngazi za jengo letu.

Daktari wa kliniki ya kisukari aliponieleza habari za sindano za semaglutide, dawa ya kisukari ambayo pia hupunguza uzito, hakuanza na kilo ambazo ningepunguza. Aliuliza, "Mama, siku dawa hii ikikosekana dukani, au hela ikikosekana mfukoni, tutafanya nini?" Sikuwa na jibu, naye hakuniandikia dawa siku ile. Aliniambia nirudi baada ya kuzungumza na mume wangu kuhusu chakula cha nyumbani, gharama, na muda ambao tungeweza kuzibeba. Ninaandika simulizi hii kwa sababu ya swali hilo, maana wengi wanaonipigia simu siku hizi huniuliza jina la dawa na bei yake, na hakuna anayeuliza itakuwaje ikiisha.

Kwanza nieleze inavyofanya kazi, kwa kadiri nilivyofundishwa kliniki. Utumbo wetu hutoa homoni iitwayo GLP-1 baada ya chakula kuingia. Homoni hiyo ya asili haikai kwenye damu zaidi ya dakika chache. Semaglutide imetengenezwa kuiiga, ila muundo wake umebadilishwa ili ichukue takriban wiki moja ndipo ipungue nusu, na ndiyo maana hudungwa mara moja kwa wiki. Inaisaidia kongosho kutoa insulini sukari inapopanda, inachelewesha chakula kutoka tumboni, na inatuliza sehemu za ubongo zinazosimamia njaa na shibe. Marekani iliidhinisha dawa hii mwaka 2017 kwa jina la Ozempic kwa ajili ya kisukari, kisha mwaka 2021 ikaidhinisha dozi kubwa zaidi, hadi miligramu 2.4 kwa wiki, kwa jina la Wegovy kwa ajili ya uzito. Ipo pia tirzepatide, iuzwayo kwa jina la Mounjaro, ambayo huiga homoni mbili badala ya moja na hupunguza uzito zaidi.

Daktari alinionyesha matokeo ya utafiti uitwao STEP 1, uliochapishwa mwaka 2021. Watu 1,961 wenye unene na wasio na kisukari walifuatiliwa kwa wiki 68, na waliotumia semaglutide walipungua kwa wastani wa asilimia 15 hivi ya uzito wao. Kwa watu wenye kisukari kama mimi, utafiti mwingine uitwao STEP 2 ulionyesha wastani wa asilimia 9.6. Alitaka nilijue hilo mapema ili nisije nikajilinganisha na picha za watu walioyeyuka nusu ya miili yao. Kisha akanionyesha jambo la tatu, ambalo matangazo hayalitaji: sehemu ya washiriki wa STEP 1 walifuatiliwa baada ya kuacha dawa, na ndani ya mwaka mmoja walikuwa wamerudisha theluthi mbili za uzito walioupoteza.

Hapo ndipo nilipoelewa swali lake. Mwili ukipungua, haushangilii. Homoni za njaa hupanda, homoni ya shibe inayotoka kwenye mafuta hushuka, na mwili huanza kutumia nguvu kidogo kuliko zamani kwa kazi ileile. Yaani mtu aliyepungua kutoka kilo 98 hadi 88 ana njaa kubwa na matumizi madogo kuliko mwenzake ambaye siku zote amekuwa na kilo 88. Ninalisisitiza hili kwa sababu nimesikia watu wakiambiwa wazembe uzito uliporudi, tena wakiambiwa na ndugu wa damu. Unene ni ugonjwa wa kudumu kama presha ilivyo, na hakuna anayemwita mgonjwa wa presha mzembe pale presha inapopanda baada ya kuacha vidonge.

Kabla ya dozi ya kwanza nilipimwa figo, na wastani wa sukari wa miezi mitatu. Nilipelekwa pia kwa daktari wa macho, kwa kuwa sukari ikishuka kwa kasi kwa mtu ambaye retina yake tayari imeathiriwa na kisukari, hali ya macho inaweza kuharibika zaidi kwa muda. Niliulizwa kama nimewahi kuumwa kongosho au kuwa na mawe kwenye kifuko cha nyongo, na kama katika ukoo wetu kuna aliyeugua aina ya saratani ya tezi ya shingo iitwayo medula, kwa kuwa aliye na historia hiyo hapewi dawa hizi. Vidonge vyangu vya sukari vya glibenclamide vilipunguzwa nusu, maana ukivichanganya na sindano hii sukari inaweza kushuka hadi mtu akaanguka; metformin, dawa yangu nyingine ya sukari, iliachwa kama ilivyokuwa. Binti yangu, aliyekuwa amenisindikiza, aliuliza kuhusu wasichana wenzake wanaoitamani dawa hii. Daktari alimjibu kwamba mwanamke anayepanga kubeba mimba anapaswa kuacha semaglutide angalau miezi miwili kabla, na kwamba anayeanza tirzepatide huku akitumia vidonge vya uzazi wa mpango aongeze njia nyingine kwa wiki nne za mwanzo na kila dozi inapopandishwa, kwa kuwa vidonge hivyo vinaweza kupungua nguvu.

Dawa yangu ilitoka Dar es Salaam kwa basi. Kwa mtu aliyebeba chanjo za mifugo miaka yote hii, safari ile ilinitia wasiwasi kuliko sindano yenyewe. Dawa hii huja ndani ya kifaa cha kudungia chenye umbo la kalamu, nasi tunakiita kalamu. Kalamu ambayo haijaanza kutumika inatakiwa kukaa kwenye nyuzi joto 2 hadi 8, na ikiganda hata mara moja haifai tena, hata ikiyeyuka na kuonekana safi. Kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 800, kupitia joto la Morogoro na Mikumi, kupanda Kitonga, kisha baridi ya Makambako usiku. Nilimwomba mfamasia anayenihudumia aifunge jinsi tunavyofunga chanjo: vipande vya barafu vikae nje kwanza hadi vianze kutoa jasho, kalamu izungushiwe gazeti ili isigusane na barafu, na kipimajoto kidogo kiwekwe ndani ya kisanduku. Nyumbani nilikiweka kisanduku cha dawa katikati ya friji, mbali na ukuta wa nyuma ambao hugandisha. Kalamu ya Ozempic ikishafunguliwa inaweza kukaa nje hadi siku 56 mahali pasipozidi nyuzi joto 30, jambo ambalo kwa baridi ya Mbeya ya Juni na Julai halina shida, lakini nilipokwenda Kyela kwa mama yangu, ambako joto ni jingine kabisa, niliibeba kwenye kisanduku.

Kuchoma sindano kwenyewe ni jambo dogo. Unachagua tumbo, paja au sehemu ya juu ya mkono. Kama ni tumbo, unakaa mbali na kitovu kwa upana wa vidole vitatu hivi, na kila wiki unahama mahali. Unafunga sindano mpya, unazungusha kalamu hadi dozi yako, unabonyeza mpaka kaunta isome sifuri, unahesabu polepole hadi sita ndipo unachomoa. Sindano iliyotumika ilikwenda kwenye chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko, na chupa ikijaa niliipeleka kituo cha afya. Kalamu haiazimwi, hata kwa dada yako, hata ukibadilisha sindano, kwa kuwa damu inaweza kurudi ndani ya kalamu.

Nilianza na miligramu 0.25 kwa wiki nne, dozi ambayo kazi yake ni kuzoesha tumbo tu, nikapanda hadi 0.5, na baadaye 1. Kichefuchefu kilinijia zaidi siku ya pili baada ya kila dozi mpya, na choo kikawa kigumu. Nilisaidiwa na kula kidogo kidogo, kuepuka vitu vilivyokaangwa, kunywa maji ya kutosha, na kutokubali kupandishwa dozi kabla tumbo halijatulia. Daktari aliniachia onyo moja ambalo nililibandika kwenye mlango wa kabati: maumivu makali ya tumbo la juu yanayokwenda hadi mgongoni, au kutapika kusikoisha, si ya kuvumilia nyumbani.

Kisha njaa ikanyamaza. Sijui kulieleza jambo hili kwa mtu ambaye hajawahi kuishi na njaa ya aina yangu, ile inayoanza kuzungumza saa moja baada ya kifungua kinywa na kuendelea hadi usiku. Nilipita Mwanjelwa mbele ya kikaango cha chipsi na harufu ikawa harufu tu. Nilikula nusu sahani na kuiacha nyingine bila kupigana na mtu yeyote ndani yangu. Katika ukimya huo ndipo kazi halisi ilipotakiwa kufanyika, na ninaamini wengi huupoteza muda huu wa thamani wakifurahia mizani peke yake.

Sababu ni misuli. Uzito unaopotea si mafuta matupu. Sehemu yake ni misuli, na mtu asiyekula protini na asiyetumia nguvu hupoteza misuli mingi zaidi. Uzito ukija kurudi, hurudi zaidi kama mafuta, na mtu anaishia na kilo zilezile lakini akiwa dhaifu kuliko alivyoanza. Katika umri wangu wa miaka hamsini na kitu, huo ndio mwanzo wa kuanguka bafuni na kuvunjika nyonga. Kwa hiyo tulibadilisha mpangilio wa sahani, tukaanza na protini: maharage, mayai, maziwa ya mtindi ambayo Rungwe haina uhaba nayo, na usipa kutoka Ziwa Nyasa niliokuwa nikiuchemsha kwa nyanya badala ya kuukaanga. Kisha mboga nyingi, chainizi, figili, majani ya maboga, na mwisho ndipo wali au ugali au ndizi, kiasi cha ngumi yangu. Wali wa Kyela hatukuuacha. Mume wangu alisema nyumba isiyopika wali wa Kyela si nyumba ya Mbeya, nami sikuona sababu ya kubishana naye, kwa kuwa chakula ambacho huwezi kukila miaka kumi ijayo hakifai kuwa chakula cha mpango.

Kwa mazoezi sikuwa na haja ya kiwanja maalumu. Nilikaa na kusimama kwenye kiti bila kushika kitu, mara kumi kumi, nikainua madumu ya maji ya lita tano, nikapanda ngazi za ofisi ambazo zamani nilikuwa nikizikwepa, na jioni nikatembea njia za mtaa wa Forest hadi pumzi inakwenda mbio. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya nguvu siku mbili au zaidi. Kwa magoti yangu nilianza na robo ya hapo. Kilo zilipopungua, magoti yaliniruhusu zaidi, na baada ya miezi kadhaa nilikuwa nimeanza tena kuwatembelea wafugaji kwa miguu, si kwa gari la ofisi.

Nisichokitarajia kilikuwa maneno ya watu. Kwetu mtu akinenepa huambiwa amenawiri, na akipungua huulizwa anaumwa nini. Mama mmoja anayeniuzia mboga Kabwe alinivuta pembeni akaniambia kwa huruma ya kweli, "Dada, mbona umeisha hivyo? Kama ni ile dawa ya kunywa kila siku, usiache, watu wanaishi." Alidhani nina virusi vya UKIMWI. Sikumkasirikia, maana kizazi chetu kiliwaona ndugu wengi wakikonda na kufa kabla ya dawa hizo kufika, na macho yetu yamejifunza kuogopa kukonda. Nilimweleza ukweli, kwamba nina sukari na ninatibiwa uzito. Msibani ilikuwa ngumu zaidi, kwa kuwa sahani inayorudi na chakula huonekana kama dharau kwa wafiwa. Nilijifunza kwenda jikoni mapema, kuwashika mkono wanaopika, na kuomba nipakuliwe kidogo: "Shikamoo mama, daktari amenikataza kujaza sahani." Nikimtaja daktari, hakuna aliyenilazimisha.

Wifi yangu wa Iringa alipita njia nyingine. Alinunua kwa mtu wa kwenye simu kichupa kidogo cha unga usio na jina la mtengenezaji, namba ya toleo wala tarehe ya mwisho, akaelekezwa kwa ujumbe wa sauti auchanganye na maji na kuvuta kwa bomba la insulini. Hakuna aliyempima chochote. Alitapika hadi akashindwa kusimama, akalazwa na kuwekewa maji, na waliomtibu hawakuweza kujua alidungwa nini wala kwa kiasi gani. Sitaki watu wamcheke. Alikuwa ametukanwa kwa mwili wake tangu utotoni, na mtu aliyeumizwa hivyo hununua tumaini mahali popote linapouzwa. Lakini hatari hiyo inajulikana dunia nzima: Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu semaglutide bandia zilizogunduliwa Brazili, Uingereza na Marekani, na mwaka huohuo mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kuhusu watu waliojidunga dozi zilizozidi mara kadhaa kwa kukosea vipimo vya vichupa. Hapa kwetu Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, ndiyo inayosajili dawa, na mfamasia mwenye leseni anaweza kukuonyesha kama unachonunua kimesajiliwa. Asiyeweza kukuonyesha hilo, mwache na kichupa chake.

Mimi nilifika kilo 88 na uzito ukasimama hapo. Sukari ilikuwa imetulia, kidonge kimoja cha presha kilikuwa kimeondolewa, na glibenclamide nilikuwa nimeiacha kabisa kwa maelekezo ya daktari. Wakati huohuo gharama ya kila mwezi ilikuwa inakaribia nusu ya mshahara wangu, bima haikuilipia, na binti yangu alikuwa amepata nafasi ya chuo. Kwa kuwa tulikwishalizungumza tangu mwanzo, hapakuwa na kilio. Tulikubaliana niache mwanzoni mwa kiangazi, wakati mboga na maharage mapya yapo na njia za kutembea hazina matope, na si Desemba ya sikukuu na misafara. Daktari alinieleza kwamba dawa huchukua takriban wiki tano kutoka mwilini baada ya dozi ya mwisho, hivyo njaa ingerudi taratibu, nami nisiidhanie kuwa ni udhaifu wa tabia.

Ilirudi kweli, kwa nguvu, hasa saa kumi jioni. Nilikuwa nimejiandaa na yai la kuchemsha na parachichi nusu, na kwa siku nyingi hilo lilitosha, kwa siku nyingine halikutosha. Nilipima uzito kila Jumamosi asubuhi na sukari mara nyingi zaidi kuliko nilipokuwa kwenye dawa. Nilipanda hadi kilo 91, na hapo nimekaa. Daktari aliyaita matokeo mazuri, akaeleza kwamba kupungua asilimia 5 hadi 10 na kukaa hapo kunatosha kuleta nafuu ya kweli kwa sukari na presha, na mimi nimemwamini kwa kuwa vipimo vyangu vinasema hivyo.

Kuna wenzangu wa kliniki ambao hawakuacha, na daktari anawaunga mkono vilevile. Mmoja ana ugonjwa wa moyo, na kwa mtu kama yeye dawa hii ina kazi zaidi ya uzito: utafiti uitwao SELECT wa mwaka 2023, wa watu zaidi ya 17,000 wenye unene na ugonjwa wa moyo na mishipa lakini wasio na kisukari, ulionyesha kwamba semaglutide ilipunguza kwa asilimia 20 vifo vya moyo, mshtuko wa moyo na kiharusi. Septemba 2025 Shirika la Afya Duniani liliingiza dawa za kundi hili kwenye orodha yake ya dawa muhimu kwa watu wenye kisukari cha aina ya pili ambao pia wana ugonjwa wa moyo au figo, pamoja na unene. Natamani sana orodha hiyo ifike siku moja hadi kwenye dirisha la dawa la hospitali ya wilaya, ambako mama mkulima wa Mbarali mwenye sukari na uzito kama wangu hana mshahara wa kugawa nusu.

Makubaliano yangu na daktari kwa sasa ni haya. Mizani ikivuka kilo 93 kwa wiki nne mfululizo, au wastani wa sukari ukipanda, ninarudi kliniki bila kungoja tarehe. Tukiamua kurudi kwenye sindano, nitaanza tena na 0.25 na si dozi niliyoachia, kwa sababu tumbo lililokaa muda mrefu bila dawa linahitaji kuzoeshwa upya, na fedha ya miezi sita iwe tayari kando kabla ya kalamu ya kwanza kupandishwa basi.